Neno la Mkono

Jumatatu, 3 Februari
Neno moja limenigomea kulitafsiri tangu asubuhi: kairali. Niliandika harakaharaka "yenye sura ya kioo", nikaenda kula. Niliporudi nikafuta. Kila kitu kina sura yake kiooni, hata bilauri. Ila bilauri na sura yake ni mamoja, na molekuli kairali na sura yake, uzizungushe upendavyo, hazilingani.

Tena asili ya neno wala si kioo. Ni kheir, mkono kwa Kigiriki. Alilitunga Lord Kelvin, mtu wa fizikia, katika hotuba iliyochapishwa 1894. Wakemia wenyewe walichukua miongo kadhaa kulizoea.

Jumatano, 5 Februari
Naosha vyombo. Glavu ya kulia imetoboka, nimebaki na mbili za kushoto. Nikaigeuza moja ndani nje: ikanikaa mkono wa kulia barabara! Kaboni iliyoshika vitu vinne tofauti haina ukarimu huo. Ukitaka kuigeuza, sharti ukate vifungo.

Kabatini nikanusa kisibiti, kisha nanaa iliyokuwa sinkini. Harufu ya vyote viwili hutokana na karvoni, atomi zile zile, zimeungana vile vile. Ya nanaa ni ya mkono huu, ya kisibiti ya mkono ule. Pua inajua kabla ya mkemia.

Jumapili, 9 Februari
Leo nimeshinda na mkemia Pasteur. Paris, 1848, umri miaka 25, ameinamia fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki, anazichambua mojamoja kama mtu anayechagua mchele: zenye kijipande kilichoelemea kulia huku, za kushoto kule. Akaziyeyusha mbali mbali. Maji haya yakazungusha bapa la mtetemo wa mwanga kulia, yale kushoto. Neno la Kelvin halikuwepo bado.

Kilichonichekesha ni joto. Fuwele hizo hujitenga hivyo chini ya nyuzi 27 hivi tu. Kipimajoto changu hapa Tanga kinasoma 31. Juu ya meza hii Pasteur asingekuwa na cha kuchambua.

Nimeandika "umkono" pembeni kwa penseli. Sisi mkono wa kulia tumeuita kwa kazi yake, kula. Tena huo huo tukauita wa kuume, tukaupa jinsia kabisa. Mhariri kapiga simu jioni: "Mwalimu, weka kairali, tusonge mbele." Nimeweka. Penseli sijaifuta.