Siri ya Mtungi na Haki ya Kuianika

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kauli hii fupi imebeba falsafa pana kuhusu ujuzi na mipaka yake. Kata huijua siri ya mtungi kwa kuwa huingia ndani yake kila siku; wapita njia huuona mtungi kwa nje tu, wala hawadai kuonyeshwa kilichomo. Je, itakuwaje pale mtu baki atakapoupindua mtungi huo sokoni, mchana kweupe, akidai kwamba maji yaliyomo yalikuwa machafu na kwa hiyo kila mtu alistahili kuyaona? Hilo ndilo swali lililoukabili ulimwengu mnamo mwaka wa 2015, siri za mamilioni ya watu waliojisajili katika tovuti ya Ashley Madison zilipomwagwa hadharani.

Tovuti hiyo ilianzishwa nchini Kanada mwaka wa 2001, na kampuni iliyoimiliki, Avid Life Media, ilikuwa na makao yake jijini Toronto. Biashara yake haikuwa ya kufumbwafumbwa. Iliwakutanisha watu waliokuwa tayari katika ndoa na waliotaka mapenzi nje ya ndoa hizo. Tangazo lake liliwakumbusha wateja kwamba maisha ni mafupi, kisha likawahimiza waende nje. Mnamo Julai 2015, kundi la wadukuzi lililojiita Impact Team lilitangaza kwamba lilikuwa limeiba data ya kampuni hiyo. Liliitaka kampuni ifunge Ashley Madison pamoja na tovuti yake nyingine iliyoitwa Established Men, la sivyo kila kitu kingeanikwa. Kampuni haikufunga. Tarehe 18 Agosti, takribani gigabaiti 10 za data zilisambazwa katika intaneti: majina, anwani za barua-pepe, rekodi za malipo, na hata maelezo ya yale ambayo mteja aliyatamani faraghani. Akaunti zilizohusika zilikuwa zipatazo milioni 36. Siku chache baadaye zilifuata barua-pepe za mkurugenzi mkuu, Noel Biderman, naye akaacha wadhifa wake tarehe 28 mwezi huo huo.

Ni haki kuanza kwa kuwasikiliza wadukuzi wenyewe, maana hoja yao haikuwa tupu. Walisema kwamba kampuni iliwalaghai wateja wake. Mteja aliyetaka kufutwa kabisa katika kumbukumbu za tovuti alitozwa dola 19, lakini habari zake zilibaki. Uchunguzi wa pamoja wa makamishna wa faragha wa Kanada na Australia, ambao ripoti yake ilitolewa Agosti 2016, ulionyesha kuwa taarifa za waliolipa ada hiyo zilihifadhiwa kwa muda wa hadi miezi 12. Aidha, ripoti hiyo ilifichua kuwa nishani ya usalama iliyopambwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti ilikuwa imebuniwa na kampuni yenyewe. Mwezi Desemba mwaka huo, katika kesi iliyofunguliwa na tume ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji bidhaa, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.6. Miongoni mwa malalamishi yaliyokuwamo ni kwamba wasifu wa wanawake wasiokuwapo ulitumiwa kuwashawishi wanaume watoe fedha. Kwa hiyo wapo waliolipa ili kuzini, kumbe walikuwa wakibembelezana na kivuli.

Ama kwa hakika, ulaghai wa namna hiyo ulistahili kufichuliwa. Hata hivyo, kuufichua hakukuhitaji jina la mteja hata mmoja. Ili kuthibitisha kwamba kampuni ilikula ada ya kufuta na haikufuta, ingetosha kuwapelekea makamishna au waandishi wa habari ushahidi uliofichwa majina. Wadukuzi hawakuchagua njia hiyo. Walimshika mwizi wa sokoni, kisha wakawaadhibu wateja aliowaibia. Wao wenyewe walikiri kutowajali wateja hao, kwa madai kwamba msaliti wa ndoa hastahili kusitiriwa. Hapo ndipo hoja yao inapoiacha kampuni na kugusa suala zito zaidi: je, dhambi humwondolea mtu haki ya faragha?

Msamiati wa Kiswahili unatusaidia kulipima suala hili. Lugha hii inatofautisha siri, faragha na sitara. Siri ni jambo lililofichwa, liwe jema au baya. Faragha ni nafasi ya mtu kuwa peke yake au na wale aliowachagua. Sitara ni kile kinachomfunika binadamu asifedheheke. Ni nguo, ni ukuta, na pia ni kitendo cha jirani anayeona na kunyamaza. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba sitara haikuwekwa kwa ajili ya watu wema pekee. Asiye na la kumwaibisha ana haja gani ya kufunikwa? Anayeihitaji hasa ni mwenye kasoro, na kwa kuwa hakuna asiye na kasoro, jamii ilikubaliana kusitiriana. Kumsitiri mzinzi si kuuhalalisha uzinzi wake. Ni kukubali kwamba hukumu ya kosa lake haiko mikononi mwa kila apitaye.

Lakini iko mikononi mwa nani? Huenda msomaji akasema kwamba yupo mtu mmoja asiyeweza kuambiwa kuwa ni mpita njia: mume au mke aliyesalitiwa. Hoja hii ina uzito mkubwa. Mwenzi katika ndoa ndiye kata. Alipewa ahadi, akaijengea maisha, na ana haki ya kujua kwamba ahadi hiyo imevunjwa. Afya yake yaweza kuwa hatarini. Mali, watoto na miaka yake vimo ndani ya ahadi hiyo. Kama pana ukweli anaodaiwa mtu yeyote katika kisa hiki chote, basi mdai wa kwanza ni yeye.

Hebu basi na tutazame jinsi alivyolipwa deni lake. Mnamo Agosti 2015, mwanamke mmoja wa Australia alipiga simu katika kituo cha redio cha Sydney, akiwa na wasiwasi juu ya mumewe. Watangazaji waliyaingiza maelezo ya mume huyo katika orodha iliyovuja, wakamwambia papo hapo, hewani, kwamba akaunti yake imo. Mwanamke huyo alishtuka, akakata simu. Ukweli alioustahili alipewa, lakini alipewa mbele ya maelfu ya wasikilizaji wasioustahili. Hakupata nafasi ya kukaa kitako, kulia, kumwita mumewe, kumshauri dada yake, wala kuamua kama angesamehe au angeondoka. Aliyekosewa ndiye aliyevuliwa nguo. Hili ndilo doa kubwa kabisa la uanikaji ule: uliitwa haki kwa waliosalitiwa, ilhali uliwanyang'anya waliosalitiwa uwezo wa kuamua nani ajue machungu yao. Watoto nao, ambao hawakujisajili popote, waliamka wakakuta jina la ukoo wao limo sokoni.

Isitoshe, ukweli wenyewe ulikuwa na mashaka. Tovuti ile haikuhakikisha kwamba anwani ya barua-pepe ni ya mtu anayejisajili. Yeyote aliweza kuandika anwani ya jirani, ya bosi, au ya adui. Katika data hiyo ilikutwa hata anwani ya uongo iliyoundwa kwa jina la waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Walikuwamo waliojisajili kwa udadisi wakaondoka, waliokuwa wajane au waliotalikiana, na wale ambao nia yao haikuwahi kuwa tendo. Orodha haikuwatofautisha hawa na mzinzi sugu. Mahakama yoyote hudai ushahidi, humsikiliza mshtakiwa, kisha hupima adhabu kulingana na kosa. Orodha hiyo haikufanya lolote kati ya hayo. Ilitoa hukumu moja kwa wote kwa siku moja.

Adhabu nayo haikuwa sawa kwa wote, ingawa hukumu ilikuwa moja. Kwa mtu wa Toronto, fedheha ile huenda ilimaanisha talaka. Katika nchi ambazo sheria yaweza kumwadhibu mzinifu kwa kifo, ikiwamo Saudia, jina moja katika orodha lilikuwa jambo la roho. Anwani za barua-pepe zenye kitambulisho cha nchi hiyo zilikuwamo pia. Watu wengi walianza kupokea vitisho kutoka kwa matapeli waliodai fedha ili wasiwaarifu wake au waume zao. Tarehe 24 Agosti, polisi wa Toronto walisema wamepokea taarifa, ambazo hazikuwa zimethibitishwa, za watu wawili waliojiua kwa kuhusishwa na uvujaji huo. Nchini Marekani, mhubiri mmoja alijiua siku hizo hizo, na familia yake ilieleza kuwa barua aliyoiacha iliutaja mkasa huo. Hakuna haja ya kumtaja kwa jina. Kujiua aghalabu hakuna sababu moja, na ni vyema kutoyafanya mauti ya mtu kuwa kielelezo tu cha hoja. Hata hivyo, anayeyamwaga majina ya mamilioni ya watu asiowajua hawezi kudai kwamba hakutarajia mmoja wao avunjike.

Na je, umma uliosoma? Wapo waliotafuta majina ya wanasiasa, ya walimu wao, ya majirani, kisha wakacheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kila aliyecheka alikuwa na simu au kompyuta yenye mambo ambayo asingependa yasomwe hadharani: ugonjwa, deni, ugomvi wa nyumbani, pengo la imani. Desturi ya kuanika ikishakubaliwa kwa sababu kosa ni uzinzi, haitakoma kwenye uzinzi. Kesho mwenye mamlaka ya kuiba data ndiye atakayeamua ni aibu ya nani inayostahili soko.

Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wana la kuchangia hapa. Jamii ya Waswahili haikunyamazia uzinzi. Iliusema kwa ustadi. Mwanamke wa Mombasa au Lamu anayemshuku mumewe hujifunga kanga yenye maneno makali, akapita nayo. Aliyelengwa huyasoma maneno akaelewa. Wengine huona nguo. Taarabu nayo hupasha, na anayejijua hutikisika pale alipoketi. Haya hayakosi madhara, maana fumbo pia laweza kuumiza asiyehusika. Lakini fumbo lina sifa ambayo orodha ya Ashley Madison haikuwa nayo: humpelekea ujumbe mwenyewe, na humwachia mlango wa kujirekebisha. Riwaya vilevile huuvua uzinzi nguo zote bila kumvua binadamu fulani. Yamkini ndiyo maana msomaji humaliza riwaya akijiuliza kuhusu nafsi yake, ilhali aliyesoma orodha alimaliza akiuliza kuhusu jirani.

Hata katika uwanja wa teknolojia, wapo waliolielewa jambo hili. Mtaalamu wa usalama wa Australia, Troy Hunt, anaendesha huduma inayowawezesha watu kujua kama data yao imevuja. Data ya Ashley Madison ilipomfikia, aliitenga na nyingine. Hakumruhusu mtu kuchunguza anwani ya mwenzake. Mwenye anwani alilazimika kwanza kuthibitisha kwamba ni yake, ndipo ajulishwe. Kwa maneno mengine, aliweka hodi mlangoni. Ukweli haukufichwa, wala haukutupwa barabarani. Ulimsubiri mwenyewe aje auchukue.

Sheria nazo zimekuwa zikielekea huko. Nchini Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa isivyo lazima kwa habari za familia yake au mambo yake ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilifuata kuipa ibara hiyo meno. Haikuandikwa kwamba ulinzi huo ni wa waadilifu peke yao. Hata wateja wa Ashley Madison wa Marekani, pamoja na dhambi zao, walifidiwa: mwaka wa 2017 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 11.2 kumaliza kesi yao.

Linabaki swali moja gumu, ambalo si uungwana kulikwepa. Wako wake na waume ambao, lau si udukuzi ule, wasingejua hadi leo kwamba wanadanganywa. Kwao, je, uovu ule haukuzaa heri? Huenda ulizaa, kwa baadhi yao. Lakini heri iliyookotwa katika mafuriko haiyafanyi mafuriko kuwa mvua ya rehema. Aliyejua ukweli wa mwenzi wa mtu na akaamini kwamba mwenzi huyo anadaiwa, angeweza kumwendea yeye pekee, kwa sauti ya chini, akiwa tayari kubeba lawama ya kuwa mjumbe. Kazi hiyo ni ngumu na haina makofi, na ndiyo maana wachache huifanya. Wadukuzi hawakumwendea mtu yeyote.

Kwa kutamatisha, kisa cha mwaka wa 2015 hakiuliziwi tu kama uzinzi ni mbaya. Hilo halikuwa na ubishi hata kabla ya kompyuta. Kinauliza ukweli ni wa nani. Kampuni iliuza siri isiyoweza kuilinda, na ilistahili kuumbuliwa. Wasaliti walidaiwa ukweli na wenzi wao, na deni hilo lingali juu ya wale ambao hawajalilipa. Lakini soko halikuwa likidai chochote.