Siku Barabara Ilipokatika

Oktoba 2019, mvua kubwa ilipokata barabara ya Handeni na Korogwe, shangazi aliyenilea alirejea kwa Mola wake mjini Korogwe. Mimi nilikuwa Handeni, ng'ambo ya mafuriko.

Nilituma ujumbe mmoja katika kundi la ukoo la WhatsApp, kundi nililokuwa nikilidharau kwa wingi wa porojo. Hapakuwa na kikao wala mwenyekiti. Binamu wa Mombo akajitolea kununua sanda. Jirani akawatafuta wanawake wa kumkosha. Vijana wa msikitini wakachimba kaburi. Walio mbali wakatuma michango kwa simu. Baada ya Alasiri akazikwa. Mpwa wangu aliishika simu karibu na kaburi. Nikasikia udongo ukianguka, nikainua mikono kumwombea maghufira.

Maziko ni faradhi kifaya, na waliokuwapo walitutekelezea sote. Simu ilifikisha habari tu. Watu waliitika kwa kuwa marehemu aliwatembelea miaka mingi, nyumba hata nyumba, akiunga udugu. Tuwazoeze watoto wetu mwendo huo, wasije siku ya dhiki wakausoma ujumbe na kunyamaza.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.