Kutoka Barazani Hadi Kwenye Uzi

Likoni ya Mombasa niliyokulia, gazeti moja lilitosha baraza zima. Baada ya Alasiri muuza kahawa alitua dele lake, finjani zikapita, na mwenye macho mazuri akasoma kwa sauti. Kisha ubishi ukaanza: ardhi na maskwota, ajira za bandarini, feri, mpira. Kilichoulinda ubishi ule ni kwamba kila msemaji alijulikana kwao. Ukizua neno leo, kesho utaulizwa: "Ewe mwana wa fulani, lile la jana umelipata wapi?" Mzee mmoja tu akiinua bakora, kelele zilikoma.

Lakini baraza lilikuwa la wanaume. Mama zetu walisikia yote wakiwa nyuma ya mlango, na hoja zao tulizileta sisi watoto, au hazikufika kabisa. Jambo hilo liliniuma tangu zamani.

Saiba za intaneti zilipofunguka karibu na kivuko, nilianza kulipa kwa dakika ili nisome Mashada. Jukwaa hilo lilianzishwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, na Wakenya wa kila pembe ya dunia walikutana humo kwa majina ya kujibandika. Hapo ndipo nilipoona watu wakisema wasiyothubutu kuyasema mbele ya jirani. Ujasiri ule ulinifurahisha sana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majina yaleyale yalianza kumwaga chuki za kikabila usiku na mchana, hata wasimamizi wakashindwa kuzifuta. Januari 2008 Kobia akalifunga jukwaa lake mwenyewe, akafungua mahali pengine alipopaita I Have No Tribe, watu waandike kwamba wao ni Wakenya kwanza. Baadaye akajiunga na waliounda Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za ghasia za wakati ule.

Wenzangu walilia kwamba uhuru wa kusema umeuawa. Mimi nilimuunga mkono, na bado namuunga mkono. Sisi tulioishi Likoni Agosti 1997, kituo cha polisi kiliposhambuliwa na majirani zetu wa bara wakafukuzwa makwao, tunajua neno la "warudi kwao" huishia wapi.

Mwaka huo wa 2008, Mashada ilipofungwa, nikahamia JamiiForums ya Watanzania. Ilianza 2006 ikiitwa Jambo Forums, mikononi mwa Maxence Melo na Mike Mushi, na kwangu mimi ilikuwa baraza kwa kila hali, ila halikuwa na mlango wa kuwaficha wanawake. Mtu anafungua uzi, wengine wanamdai ushahidi, mwenye nyaraka anaziweka, mtukanaji anafungiwa. Kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond ilipomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008, wasomaji wa nyuzi zile hatukushtuka sana. Majina yalikuwa ya kificho, lakini mtu alijenga heshima kwa alichoandika mwezi baada ya mwezi. Desemba 2016 Melo alikamatwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji wake. Mzee wetu wa bakora angeuelewa msimamo huo: mwenye baraza hamtoi mgeni wake.

Intaneti yenyewe ilikuwa imebadilika kufikia wakati huo. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009. Polepole simu ikachukua nafasi ya saiba, na mtaa wetu ukahamia WhatsApp. Kundi letu linaongozwa na mwanamke muuza samaki, na kina mama ndio wa kwanza kusema: feri gani imeharibika, zahanati haina dawa gani, nani amefiwa. Kiongozi huyo akiona uvumi, huuliza swali lilelile la zamani, umelipata wapi, na asiyejibu hutolewa.

Kinachonisumbua ni kwamba kundi halina kumbukumbu. Uzi wa JamiiForums wa miaka mingi nyuma naweza kuutafuta na kuusoma. Mjadala wetu wa juzi kuhusu hatimiliki, uliochangiwa na wazee wanaoijua mipaka ya mashamba kwa mti na kwa kisima, tayari umefunikwa na picha za harusi. Nimemwomba kiongozi wetu tuanze kuyanakili maneno ya wazee hao kwenye daftari, na amekubali tuanze na wazee wa Mtongwe, hapa Likoni.