Nyasi za Wajapani

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Kutwa naandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na herufi moja ikikosewa hunitia homa. Ndiyo sababu nalishangaa mno siku mdogo wangu, aliye masomoni Japani, aliponiletea habari kwa simu: “Kaka, nimeteleza kwenye theluji, mguu umevimba wwww.”

Nikamjibu upesi kwa ukali wa mwalimu: “Waandika nini wewe?” Akanieleza, nami nawapasha ninyi, maana huenda mtoto wa mmoja wenu akawaandikia vivyo hivyo.

Kwa Kijapani kucheka ni warau. Tangu kabla ya intaneti, magazeti yao yalipochapa mazungumzo ya watu, mahali walipocheka palitiwa alama ya kicheko ndani ya mabano, msomaji ajue kwamba neno lile lilisemwa kwa mzaha. Ulipokuja mtandao vijana wakaichukua alama ile. Lakini wengi wao waligonga herufi kama hizi zetu, kisha mashine ikazigeuza kuwa maandishi ya Kijapani. Wakaona kazi ni ndefu, wakabakiza w peke yake, herufi ya kwanza ya warau. Ukicheka sana unaziongeza: wwww. Sasa utazame vizuri mstari huo, msomaji. Je, haufanani na nyasi zinazochipua? Wao waliona hivyo, wakaanza kuandika kusa, yaani nyasi, badala ya kusema nimecheka. Na kicheko cha kuvunja mbavu wakakiita daisogen, mbuga kubwa ya nyasi! Ila mdogo wangu akaniasa: mzee au mkubwa wa kazi usimwandikie hivyo, aweza kudhani wamdhihaki.

Mama alikuwa ameketi karibu, akichambua mchicha. Nikamsomea yote. Hakucheka.

“Nyasi zikiota shambani kwangu nachukua jembe,” akasema. “Mtu mguu umevimba, anacheka nini?”

Nikaanza kumweleza tena habari za mabano na herufi. Akanikatiza: “Mwanangu, nimesikia. Hizo amezigonga kwa kidole. Mimi nataka kusikia kinywa.”

Nikapiga simu. Kwanza mdogo wangu akajitia kucheka. Mama akanyamaza tu, na yule wa upande wa pili naye akanyamaza. Ndipo yakatoka: mguu umevunjika, wiki ya pili sasa yumo chumbani, na chakula huletewa na jirani mmoja Mjapani ambaye hata jina lake hawezi kulitamka sawasawa. Hakutaka kututia wasiwasi.

Siku hizi amepona, na bado hutuletea nyasi zake. Mama huniuliza tu ziko ngapi. Zikizidi tatu, ananiambia nitafute vocha.