Riyadh Iko Karibu Kuliko Mombasa

Wasee, leo ni hesabu kidogo. Msikimbie, haitaki chuo, na mnajua mimi na chuo tuliachana.

Ukitaka kujua ndege itachukua muda gani, chukua kilomita, gawanya kwa 800, halafu ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Piga, utapata masaa 15 na kitu. Na kweli, ile ndege ya Kenya Airways iliyoanza kwenda moja kwa moja Oktoba 2018 huchukua karibu masaa 15. Kurudi ni kama 14, juu upepo wa huko juu hutoka magharibi na kuisukuma mgongoni.

Sasa Nairobi hadi Riyadh. Kilomita 3,100 hivi, yaani masaa manne na nusu. SGR ya Mombasa ni kama matano. Mtu wa Riyadh anatua kabla treni haijafika Miritini!

Dadangu yuko huko, kazi ya nyumba. Siku ya kwenda alitoka hapa Tawa alfajiri na matatu, Masii, Machakos, Nairobi, kisha akakaa JKIA hadi usiku. Kuifikia ndege kulikula muda kuliko ndege yenyewe.

Nilipompigia Susu hizi hesabu alifurahi sana. "Kumbe ni hapo tu? Basi aje Krismasi, arudi Jumatatu."

Nikanyamaza. Kwa hiyo hesabu yangu hakuna mahali pa kuweka mkataba. Miaka miwili. Kutoka nchini kabla uishe kunataka kibali, na anayekiomba ni mwajiri. Saudia ililegeza sheria hizo Machi 2021, wafanyakazi wengi wa kampuni wakaweza kujiombea wenyewe, lakini wa nyumbani wakaachwa nje. Soma tena hapo. Anayefagia ofisi anaweza kujiombea, anayefagia sebule hawezi.

Kinachoniuma zaidi ni saa. Ukiwa na mtu New York unaweza kusingizia usiku, wako nyuma yetu masaa saba au nane. Sisi hatuna hicho kisingizio. Saa tatu usiku Tawa ni saa tatu usiku Riyadh. Susu anazima taa, dadangu bado anaosha sufuria. Sauti yake inaingia WhatsApp saa sita, sekunde tisa, anaongea chinichini kama mtu aliyejificha kwa kabati.

Halafu unasikia mtu akisema dunia imekuwa kijiji. Manze, kijiji nakijua. Ukifiwa Kikima, watu wa Tawa wanafika kabla jua lizame, na hakuna anayeomba ruhusa ya bosi wa mtu.

Mkataba unaisha Agosti. Kuna jogoo hapa nyumbani ambaye Susu amekataa kabisa auzwe.