Zana za Studio ya Kwanza

Mpwa wangu, kijana mwenye sauti njema na haraka nyingi, alinijia juzi na orodha ya vyombo anavyotaka kununua ili afungue studio chumbani mwake, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nami nilipoisoma nikakuta kinanda chenye vitufe vya taa, spika mbili zisizolingana na udogo wa chumba, taa za rangi za kubandika ukutani, na maikrofoni imetajwa mwisho kabisa, kwa maneno "yoyote ya bei nafuu". Nikamwuliza amezisikia wapi hizo spika. Akanijibu, "Nimeziona, mjomba."

Jawabu hilo lilinikumbusha duka la fundi mmoja wa redio, Mwenyezi Mungu amrehemu, lililokuwa Kibokoni, duka lenye upana wa mlango mmoja, likinuka risasi ya kulehemu na spiriti ya kusafishia hedi za tepu, na kila Alhamisi jioni udi ukichanganyika humo, hata mtu akipita nje huku amefumba macho angejua amefika wapi. Fundi huyo alikuwa hauzi chombo mpaka mteja akisikie. Alikuketisha kwenye benchi, akakutaka uimbe ubeti mmoja, akaurekodi kwa maikrofoni tatu moja baada ya nyingine, kisha akakurudishia sauti yako mara tatu bila ya kukwambia ipi ni ipi, wala ipi ni ghali. Na ulipokwisha kuchagua kwa sikio lako, ndipo alipotaja bei. Aghalabu walichagua ya dainamiki, jamii ya ile Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, naye alikuwa akieleza sababu kwa upole: maikrofoni ya kondensa, inayotaka volti 48 ili ifanye kazi, husikia mno, ikakuletea feni, pikipiki za uchochoroni, kunguru wa juu ya paa na adhana za misikiti yote ya jirani, ilhali ya dainamiki huchukua kilicho karibu na mdomo na kuyaacha mengi ya mbali.

Nyakati hizo tarabu ilinaswa harusini kwenyewe, kanda ikanakiliwa na kuuzwa, na sauti za kina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh zikaenea pwani nzima kwa kaseti. Mtu aliyetaka kurekodi nyumbani alitamani Portastudio ya Tascam, iliyotoka mwaka 1979, iliyokuwa na njia nne za sauti juu ya kaseti ya kawaida. Yangu niliinunua kuukuu; risiti yasema Machi 1986, mke wangu ashikilia kuwa masika yalikuwa yamekwisha, na tuyaache hayo. Ukijaza njia tatu, ukizimimina zote katika ya nne ili upate nafasi, hukuweza tena kuzitenganisha, na mchakarisho wa kanda uliongezeka kila unapomimina. Kwa hiyo ilikulazimu ujue kabla ya kuanza kama tashkota itatangulia fidla au itafuata.

Kisha ikaja kompyuta, na vijana wa Dar es Salaam wakatengeneza biti vyumbani, na leo simu ya mkononi ina njia nyingi kuliko studio nyingi za wakati ule. Neema hiyo siikanushi. Linaloniudhi ni maduka ya sasa, ambamo maboksi yametiwa gundi na muuzaji hukusomea yaliyoandikwa juu ya boksi, nawe huruhusiwi hata kusema "aloo" kwenye maikrofoni utakayoishi nayo miaka.

Mpwa wangu nimemwambia kwamba sehemu kubwa ya fedha iende kwenye maikrofoni, kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na hedifoni za kufunika masikio. Spika na zingoje, kwa sababu chumba kidogo cha kuta za mawe hukusanya besi pembeni, akadhani wimbo ni mzito na kumbe ni chumba. Aning'inize mablanketi nyuma yake anapoimba, aache kabati la nguo wazi, aizime feni. Na kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huila shaba, kila usiku avifunike vyombo, na nyaya azihifadhi katika mkebe wenye vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na watu wakavitupa.