Lugha Iliyomficha Mtoto

Susuni ni kata ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara, jirani na mpaka wa Kenya. Wakaao huko wanaijua vema tabia ya mpaka: Mkurya ana mjomba upande huu na shangazi upande wa pili, na Mjaluo vivyo hivyo. Mstari huo ulianza kuchorwa mwaka 1886, Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi kwa kalamu huko Ulaya. Ulizitenga koo, lakini haukuweza kuzitenga ndimi. Ng'ombe huvuka, harusi huvuka, na maneno huvuka bila cheti.

Kaskazini ya mstari huo, mwaka 1938, aliletwa mtoto wa Kijerumani ambaye Ujerumani haikumtaka. Jina lake Stefanie Zweig. Alizaliwa mwaka 1932 huko Leobschütz, mji ambao leo umo ndani ya Poland, naye alikuwa hajatimiza miaka sita. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyenyang'anywa kazi kwa sababu ni Myahudi. Alitangulia Kenya, mke na binti wakamfuata. Mwanasheria akageuka msimamizi wa shamba la mlowezi huko Rongai, karibu na Nakuru, asijue ng'ombe wala mahindi. Miezi michache baadaye, Novemba 1938, masinagogi ya Ujerumani yalitiwa moto.

Tukisikia habari za mtoto wa Kiyahudi aliyefichwa wakati wa vita, fikra humwendea Anne Frank, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1929, akajificha Amsterdam nyuma ya kabati la vitabu tangu Julai 1942 hadi Agosti 1944, kisha akakamatwa na kufia kambini mwaka 1945. Yeye alifichwa kwa kuta na kimya. Kikohozi kimoja kingeweza kuwaua watu wanane. Stefanie alifichwa kwa njia nyingine. Maficho yake yalikuwa umbali, na ndani ya umbali huo, lugha. Hakulazimika kunyamaza. Alilazimika kusema upya.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mpishi wa nyumba yao, Mjaluo aitwaye Owuor. Katika riwaya aliyoiandika baadaye, *Nirgendwo in Afrika*, iliyotoka mwaka 1995, mtoto huyo anaitwa Regina, na Owuor ndiye anayempa majina ya vitu: maji, moto, mvua, njia. Mama anailia Ujerumani. Baba anazingoja barua. Mtoto anacheka jikoni. Kiswahili cha kitabu hicho kina alama za kisetla, lugha ya masikio ya walowezi, ambamo mtoto ni «toto» na ngeli zimepotea porini. Mshairi wa Lamu au Unguja angekunja uso. Hata hivyo, ndani ya lugha hiyo iliyochakaa mtoto alipata mahali pa kulaza kichwa, na mwenye kuzama haulizi ubao umerandwa na nani.

Lakini maficho hayo hayakuwa pepo. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya kikoloni iliwakamata Wajerumani kama raia wa adui, na Wayahudi wakakamatwa pamoja nao: waliofukuzwa Ujerumani kwa Uyahudi wakafungwa Kenya kwa Ujerumani. Baadaye baba yake aliachiliwa, akafanya kazi Ol' Joro Orok, kisha akavaa sare ya jeshi la Uingereza, jeshi lile lile lililowachukua vijana wengi wa Kikurya katika KAR. Jamaa waliobaki Ulaya hawakuokoka. Barua zilipungua, kisha zikakoma, na kukoma kwake kulikuwa ndiyo tanzia.

Na liko neno zito zaidi. Nyumba iliyompa mtoto hifadhi haikuwa na uhuru wake yenyewe. Ardhi ya nyanda za juu ilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliishi juu yake kama kibarua, akiwa na kipande shingoni. Owuor, mtu mzima mwenye heshima kwao, aliitwa «boi». Aliyemfundisha mkimbizi kuwa mwenyeji alikuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Kitabu hakikulisema hilo kwa sauti kubwa, maana kinatazama kwa macho ya mtoto. Msomaji wa huku hana budi kulisema.

Mwaka 1947 baba alirudi Ujerumani kuwa hakimu, Frankfurt, mji aliozaliwa Anne Frank. Stefanie, mwenye miaka kumi na minne, alikuta magofu, njaa, na lugha ya kwao iliyomshinda. Ilimbidi ajifunze Kijerumani upya kama alivyojifunza Kiswahili. Alifanya kazi ya uandishi wa habari kwa miaka mingi, na Afrika ikangoja ndani yake hadi umri mkubwa. Filamu ya Caroline Link iliyotokana na riwaya hiyo ilitoka mwaka 2001 na kushinda Oscar mwaka 2003. Owuor aliigizwa na Mkenya, Sidede Onyulo. Stefanie Zweig alifariki Frankfurt Aprili 2014.

Jina la riwaya hiyo maana yake ni «Hakuna mahali Afrika». Ni jina la mtu aliyepoteza kwao mara mbili: kwanza kwa kufukuzwa, kisha kwa kurudishwa. Dunia huhesabu waliookoka kwa pumzi zao, nayo haina kosa, kwani watoto wa Kiyahudi wapatao milioni moja na nusu hawakuachiwa hata hizo. Ila aliyeokoka huhitaji pia neno la kumwambia kuwa ameonekana. Neno hilo Stefanie alilipata jikoni, kwa mtu wa pwani za ziwa lile lile ambalo maji ya Mara huliishia, mtu ambaye wasomaji wengi wa Ulaya wanamjua kwa jina moja tu.